Chungu cha Kumwoshea Bi Sijaona

Madaktari walipomwambia Bi Sijaona kwamba uvimbe ule wa tumboni hauna kisu wala dawa, hakulia. Aliomba arudishwe kwake Mkunya, akatandikiwa kitanda chumba cha mbele karibu na dirisha, na siku ileile akaanza kutoa amri. Kubwa kuliko zote ilimhusu binti yake, Naima, na aliitoa siku chache baadaye, mbele ya wageni, ili isije ikapindishwa.

"Nangu mimi," alisema, akichanganya Kimakonde na Kiswahili kama kawaida yake, "nangu sioshwi kwa ndoo ya plastiki. Nimefinyanga miaka hamsini. Maiti wa kata hii nimewafinyangia mimi. Cha kwangu atafinyanga Naima. Akishindwa, nizikeni na jasho langu."

Ukoo wao una desturi hiyo. Mwanamke mfinyanzi akifa, maji ya kumwosha yatoke kwenye chungu kipya, na chungu chenyewe hufuata jeneza, kikatobolewa kitako na kulazwa kifudifudi juu ya kaburi, upande wa kichwa. Mashehe wamelikemea jambo hilo mpaka wamechoka. Watu huitikia amina, kisha wakienda makaburini wanaweka vyungu vyao.

Wageni walimgeukia Naima. Naye alikuwa amesimama mlangoni na sare ya kazi, mkoba wa madaftari begani, maana alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu. Akasema, "Sawa, mama." Hapo ilikuwa mwezi wa nne.

Naima alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa hisabati na sayansi wa darasa la saba. Alikuwa na mikorosho sitini na minne, shamba la mihogo, mbuzi watano, kuku wasiohesabika, na tangi la maji ya mvua ambalo lilihitaji kulindwa kuliko mbuzi, kwa sababu kule juu hakuna mto na bomba hutoa maji siku linapojisikia. Mumewe, Mujibu, alikuwa Masasi, upande wa Lisekese, anauza vipuri vya pikipiki na kulea watoto wa mke mdogo. Binti yao Shamila alikuwa ameolewa mbali. Kwa hiyo hayo yote yaliangukia mikono miwili, na mikono hiyo ilikuwa na siri yake: ilipenda udongo.

Siri hiyo ilikuwa ya zamani. Naima alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake alimkuta nyuma ya jiko amekalia visigino, anafinyanga kijungu kidogo, kizuri, chenye mdomo ulionyooka. Bi Sijaona alikichukua, akakitazama pande zote, akakiponda chini. Kisha akachukua mwiko akampiga Naima viganja mpaka vikavimba. "Mikono hii ni ya kalamu," alimwambia. "Nikikuona tena na udongo nitakukata vidole." Naima akashika kalamu, akafaulu, akawa mtu wa serikali. Lakini Jumapili nyingine, mama yake akiwa amesafiri, alikuwa akifinyanga vijungu viwili vitatu, akavitazama kidogo, kisha akavivunja na kuviloweka tena kwenye maji kabla mtu hajapita. Katika saa hizo ndipo alipokuwa na raha. Hakuwa mwalimu wa mtu wala mke wa mtu.

Na sasa mama yuleyule aliyempiga viganja alikuwa anadai chungu kutoka kwenye viganja hivyo. Naima hakumuuliza kwa nini. Mgonjwa wa namna ile haulizwi. Ila moyoni alifurahi, na furaha ile aliionea aibu, maana ilikuwa imekuja kwa mlango wa kifo. Kwa mara ya kwanza angefinyanga mchana kweupe, na mama yake angeshika kazi yake na kusema neno. Neno hilo alikuwa amelingoja miaka thelathini na miwili.

Wapo watu redioni siku hizi wanaotufundisha kwamba mtu akijipanga vizuri saa zinamtosha. Naima aliwaamini. Alichukua karatasi ya chati shuleni, akapiga mistari kwa rula, akabandika ratiba mlangoni pa jiko: shule, shamba, mgonjwa, udongo, kila kimoja na rangi yake. Bi Sijaona aliiona siku alipotolewa nje kuota jua. Akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu.

Mwezi wa tano mikorosho ikaanza kutoa maua, na maua yakija, ubwiriunga nao unakuja, yale maradhi yanayoyafunika kwa unga mweupe mpaka yanakauka. Dawa yake ni salfa. Na salfa haipulizwi saa unayotaka wewe. Hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani, kabla upepo haujaamka. Basi Naima alikuwa akitoka na mashine mgongoni kumepambazuka kidogo tu, anapuliza mpaka jua linachomoza, anakimbia nyumbani, anamgeuza mama ubavu na kumnywesha uji, na saa moja na nusu kengele inagonga akiwa langoni pa shule na nyusi za njano. Watoto walimwita Mwalimu Salfa. Alijua, akajifanya hajui.

Jumapili moja akateremka bondeni kuchimba udongo. Alibeba mifuko miwili mitupu ya salfa. Kwa watu wa korosho mfuko wa salfa hautupwi kamwe: hubeba mihogo, hubeba samadi, hufunika tofali, na wengine hushonea pazia la choo. Aliikung'uta kwenye shina la mti, akaona inatosha. Alipanda na udongo wake juu ya bodaboda, akapita nayo mbele ya dirisha la mama yake, na Bi Sijaona akaitazama ile mifuko mpaka ikaingia jikoni. Hakusema kitu.

Likizo ya mwezi wa sita Naima akafinyanga vyungu vitatu, ili kimojawapo kipone. Akavianika vikakauka vizuri, na mwezi wa saba akavichoma uani. Moto ulipokolea, uani kukatapakaa harufu kali ya kukaba koo, kuku wakakimbia, mbuzi wakapiga chafya. Alipofukua jivu alikuta vyungu vyote vitatu vimetoka vipele mwili mzima, vimetoboka, na kimoja kimepasuka mapande mawili. Unga uliobaki kwenye mishono ya mifuko alikuwa ameukanda na udongo kwa mikono yake mwenyewe.

Alipeleka pande moja kitandani kwa mama yake. Bi Sijaona akalinusa.

"Umechoma salfa," akasema. "Mwalimu wa sayansi."

"Mama, ile mifuko uliiona ikiingia."

"Niliiona. Nilitaka uone na wewe."

Naima alitoka nje, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akalia kwa hasira. Kisha akanawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, kwa kuwa tangi lilikuwa limeshuka, akaenda kusahihisha mitihani ya majaribio.

Mwezi wa nane akajaribu tena, safari hii na udongo aliobeba kwenye kapu. Chungu kikubwa hakijengwi kwa mkupuo mmoja. Unainua sehemu ya chini, unaiacha ikaze kidogo ili ibebe uzito, halafu unaongeza juu ukingo ungali na unyevu. Ukiuchelewesha ukingo ule ukakauka, hata upake maji ya bahari nzima, udongo wa juu na wa chini hautashikana. Jambo hilo mfinyanzi anayeshinda nyumbani halimpi taabu. Naima alikuwa na vipindi viwili vya asubuhi. Alifunika ukingo kwa kitambaa kibichi, akapiga hesabu zake kwamba atarudi saa nne.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Gasper, alikuwa mtu mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Siku hiyo alitangaza kambi ya darasa la saba: masomo mpaka jioni, walimu wote wabaki. Naima alirudi nyumbani jua linatua na kukuta kitambaa kikavu na ukingo umekuwa mweupe. Aliulowesha. Alijua hautashika, akajidanganya kuwa utashika, akaendelea kujenga mpaka mdomoni. Siku ya sita chungu kilichora ufa kukizunguka kiuno.

Bi Sijaona aliomba aletewe. Alikuwa amekonda mpaka vidole vimebaki mifupa, lakini vilikuwa vidole vilevile. Akapitisha kimoja juu ya ule ufa, polepole, mpaka kikarudi kilipoanzia.

"Hapa ndipo ulipokwenda shuleni," akasema.

Wakati huo mgeni mmoja alikuwa ameanza kuzoea nyumba ile, naye ni Dominika, Mama Ethel, Mmakua wa Lisekese aliyeolewa Mkunya, mfinyanzi pia. Alijifunzia kazi kwa Bi Sijaona, kisha wakakosana miaka ishirini, kwa sababu Dominika aliwafinyangia wakubwa wa Newala vyungu vya kupandia maua. Bi Sijaona hakumsamehe. Kukitia chungu mchanga na ua, alisema, ni kumvalisha mtu gunia. Kwa hiyo Naima alipomkuta Dominika amekaa pembeni mwa kitanda, kimya, anamfukuzia mgonjwa nzi, alishangaa.

"Shikamoo, Mama Ethel."

"Marahaba, Mama Shamila. Pole na kazi."

Alipoondoka, Naima alimuuliza mama yake amekuja kufanya nini. "Kaja kunitazama nikifa," Bi Sijaona alijibu, akageukia ukutani. Na Dominika akaendelea kuja, wiki hata wiki, na Naima akaona afadhali, kwa sababu mtu wa kukaa na mgonjwa ni mtu, hata kama mmegombana.

Mtihani wa darasa la saba ulipokwisha mwezi wa tisa, Naima alifanya jambo ambalo mtu mwenye mikorosho halifanyi. Korosho za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka, na korosho iliyodondoka inataka kuokotwa siku ileile. Yeye akaziacha chini. Siku nne hakutia mguu shambani. Mbuzi wa majirani walikula mabibo mpaka wakayumba, na korosho zenyewe zikaokotwa na watu ambao hawakupanda. Aliambiwa, akasema sawa. Alikuwa amekaa juu ya jamvi nyuma ya jiko, anapiga udongo kwa kiganja, anazungusha, anasugua kwa kokoto, hali chakula cha mchana. Sauti ya kiganja ilisikika mpaka chumba cha mbele. Siku ya nne jioni chungu kilikuwa kimesimama, tumbo limejaa, shingo imetulia, hakina mshono hata mmoja. Naima alikitazama. Alijua ni kizuri. Hakuna mtu aliyehitaji kumwambia, na bado alitaka aambiwe.

Kilipokauka kiasi cha kubebeka akakipeleka kitandani, kibichi vilevile. Bi Sijaona akakishika tumbo, akakishika kitako, akagonga kwa kucha.

"Mdomo umepinda," mama akasema. "Kichukue, kitanivunjikia."

Ulikuwa umepinda kweli, kidogo, kama upana wa uzi. Naima akakichukua.

Siku kumi na mbili kilikaa kivulini kukauka. Naima alipanga kukichoma Jumatano, kisha siku tatu za kukipika. Maana chungu kikitoka motoni bado hakijawa chungu cha maji. Kina vinyweleo, kinavuja jasho mpaka kinakauka. Inabidi kipikwe uji mzito wa mihogo, mara tatu, kila siku mara moja, na kila mara uji uachwe upoe ndani, mpaka unga uzibe kila tundu. Kwa hesabu hiyo Jumamosi kingekuwa tayari. Na mama yake alikuwa amebakiwa na wiki mbili, labda tatu. Aliyesema hivyo ni mganga wa zahanati.

Jumanne mchana Mwalimu Gasper akamwita ofisini. Kulikuwa na semina ya mtaala mpya Masasi, siku tatu, kuanzia kesho.

"Mwalimu mkuu, mama yangu anakufa."

"Pole sana, mwalimu. Lakini mama anakufa tangu mwezi wa nne," alisema Mwalimu Gasper kwa upole wake. "Na jina lako limeshakwenda."

Angeweza kukataa. Wapo waliokataa semina, na mbingu haikuanguka. Lakini Naima alikuwa amekwisha omba ruhusa mara kumi na moja mwaka ule, na alikuwa na hofu ya mtoto aliyepigwa viganja ili awe mtu wa serikali: hofu hiyo haitoki kwa siku moja. Akamweleza mama yake, akitumaini atazuiwa.

"Nenda," Bi Sijaona akasema. "Mimi sina pa kwenda."

Kule Masasi waliketishwa ukumbini, wakagawiwa kalamu na daftari. Mujibu alikuja kumsalimia siku ya pili wakati wa chai, akauliza korosho zimeanguka kiasi gani, akaondoka bila kuuliza hali ya mkwe wake. Na siku ya tatu mwezeshaji, kijana nadhifu mwenye viatu vya ncha, aliwasha picha ukutani na kuwafundisha kuwa mtaala mpya unathamini kazi za mikono. Ufinyanzi, kwa mfano. Akaonyesha picha ya chungu. Akauliza ni nani hapa amewahi kufinyanga. Naima aliangalia viganja vyake, akaviweka chini ya meza.

Alirudi Mkunya Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi akapanga magome, kuni kavu za mkorosho na samadi ya mbuzi, akalaza chungu katikati, akawasha. Dominika alikuwa ameshafika, amekaa na mgonjwa.

Moto wa vyungu hauachwi. Upande mmoja ukiwaka zaidi ya mwingine, chungu kinapasuka kwa kishindo na kazi ya mwezi inakuwa vigae. Naima alizunguka nao, anaongeza huku, anapunguza kule, macho yanamtoka machozi ya moshi. Hapo Dominika akatokea mlango wa nyuma.

"Mama Shamila, mama anakuita."

"Mwambie dakika kumi. Ndiyo kwanza unashika."

Dominika akaingia ndani. Haikupita muda akatoka tena.

"Anakuita, mwenzangu."

"Nachoma chungu chake!" Naima alipaza sauti, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Mwambie nachoma chungu chake. Si ndicho anachotaka?"

Mara ya tatu Dominika alitoka amejifunga kanga kiunoni, akasimama. Naima aliona miguu yake, akaendelea kusukuma gome moja motoni kwa kijiti, na jingine, na jingine, kwa sababu alijua kwamba akiinua uso ataambiwa. Gome la nne halikuwepo. Akainua uso.

"Alikuwa anataka nini?" akauliza.

"Mara ya kwanza alitaka umgeuze ubavu. Nikamgeuza mimi. Mara ya pili hakusema anataka nini. Alitaja jina lako tu."

Naima alikwenda, akamkuta mama yake ametazama dirishani, kinywa wazi. Akamfumba macho. Kilichomwuma zaidi si kwamba amekufa, maana hilo lilikuwa linajulikana. Ni kwamba kati ya kitanda na moto palikuwa na hatua ishirini, na hakuzitembea.

Habari zikaenea. Majirani wakaja, vilio vikapanda na kushuka. Mzee Hamudi, kaka wa marehemu, akakaa na shehe wakaamua maziko yawe baada ya sala ya alasiri. Bi Sikudhani mwosha maiti akafika na sanda na karafuu maiti, akazungushia kitanda kitambaa cha kusitiria, akatoa kichwa nje. "Chungu kiko wapi? Tunajua marehemu alisema nini."

Wote walijua. Bi Sijaona hakumbakisha mgeni hata mmoja aliyekuja kumwangalia bila kumwambia.

Naima akaenda uani. Moto ulikuwa umezima wenyewe bila mtu. Akafukua jivu kwa koleo. Chungu kilikuwa kizima. Kilikuwa chekundu, chenye baka jeusi begani pale moto ulipobusu, na alipokigonga kwa kucha kilitoa mlio safi wa kengele. Akakibeba kwa matambara mpaka nyuma ya jiko, akangoja kipoe, kinapoa huku Bi Sikudhani anaita mara ya pili. Kilipokubali mkono, akakimiminia maji ndoo nzima.

Maji yakaanza kuonekana nje. Kwanza unyevu, kisha matone, kisha yakawa yanatiririka kwenye mbavu za chungu na kuingia mchangani. Akaongeza. Yakatoka. Alikuwa amekwisha sahau, au alijitia kusahau, habari ya siku tatu za uji. Siku tatu zile alikuwa Masasi, anatazama picha ya chungu.

"Hakijapikwa," alisema Dominika nyuma yake.

Naima hakugeuka. "Najua."

"Maji yataisha kabla ya kumaliza kumwosha."

"Najua, Mama Ethel!"

Dominika akaondoka. Nyumba yake haikuwa mbali. Aliporudi alipita uchochoro wa nyuma, amebeba kitu kichwani kimefunikwa kanga, akakitua mbele ya Naima na kufunua. Ni chungu cha maji, kikubwa, cheusi kwa kupikwa, tumbo limejaa na mdomo umenyooka kabisa. Kilikuwa na maji ndani tayari, na nje kilikuwa kikavu.

"Hiki cha nani?"

"Cha mama yako. Aliniagiza."

"Lini?"

Dominika akasitasita. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ametukanwa miaka ishirini, na ukweli ulikuwa na utamu wake. "Mwezi wa nne. Wiki ileile mliyomtoa hospitali. Alinitumia mtu niende, wewe ukiwa shuleni."

"Alikuwa ameshaniambia mimi?"

"Alikuwa bado. Aliniambia mimi kwanza."

"Basi mimi alinituma ya nini?"

"Alisema wewe utachelewa. Hakusema kwa ubaya. Alisema, 'Naima ana mabwana wengi, mimi atanifikia wa mwisho.' Akaniambia nisikwambie, maana ukijua kipo kingine, utaacha. Alipenda kukusikia ukipiga udongo. Alikuwa akisikia kiganja chako, maumivu yanampungua, analala."

Kwa muda mfupi Naima alimchukia mama yake kwa moyo wake wote, maiti vile alivyolala. Miezi sita ya kukimbia na mashine mgongoni, vipele, ufa, korosho zilizoliwa na mbuzi, zile hatua ishirini. Yote hayo yalikuwa ya kumbembelezea usingizi. Alitaka kuchukua chungu cha Dominika akipige kwenye jiwe la jiko. Akakiinamia akakishika ili akipige, na vidole vyake vikasema kweli kabla hajataka kusikia: kilikuwa kizuri kuliko chake.

"Naima!" Bi Sikudhani akaita mara ya tatu. "Jua linakwenda!"

Akakiinua. Akakipitisha mwenyewe mbele ya wanawake wote waliojaa uani, na wanawake wakakisindikiza kwa macho, wengine wakaguna kwa kustaajabu. Dominika alibaki nyuma ya jiko mpaka kilipoingia. Naima alishika kata, akachota, akamimina, Bi Sikudhani anaosha. Maji yalitosha mpaka mwisho. Hapakuwa na tone lililopotea.

Wanaume wakabeba jeneza, na kijana mmoja akafuata nyuma na chungu kichwani. Shehe alikiona, akakunja uso, akaendelea na mwendo. Wanawake walibaki wanapika. Chungu cha Naima kilikuwa bado nyuma ya jiko, na mtu ambaye hakujua ni cha nini alikuwa ameshakitia mkaa.

Watu waliporudi kutoka makaburini, Mzee Hamudi hakwenda kukaa jamvini na wenzake. Alikuja moja kwa moja mpaka walipokaa wanawake, vumbi la kaburi likiwa mikononi, akasimama mbele ya mpwa wake. Alikuwa mtu asiyesifu. Hata mikorosho yake mwenyewe alikuwa akiitukana.

"Naima, mwanangu," alisema, na uani pakatulia. "Kile chungu nimekilaza kwa mikono yangu. Vyungu vya dada yangu nimevishika toka nikiwa mtoto. Leo nimeshika cha kwako, na nasema mbele ya watu hawa, umempita. Una kazi ya serikali, una shamba, umeuguza, na bado umefanya vile. Dada amekwenda ameridhika."

"Hongera, mwalimu," wanawake wakaitikia huku na huku, wengine wakilia. "Umemtendea haki mama yako."

Dominika alikuwa hatua nne tu kutoka pale, ameshika ungo wa mchele. Ungo ukasimama. Akamtazama Naima usoni, hakumwomba wala hakumtisha, alingoja tu.

Naima alifungua kinywa. Maneno yalikuwa mawili, si changu, mtoto wa darasa la kwanza angeyasema. Lakini ile sifa ilikuwa imeshamwingia, na ilikuwa tamu, tamu kupita alivyowahi kudhani katika miaka yote ya kuingoja, na alijua kuwa haitapita tena mlangoni pake.

"Ahsante, mjomba," akasema.

Dominika akainamisha uso, akaendelea kupepeta mchele.